Kiinua Mgongo na Mgongo wa Mlipa Kodi

Kiswahili kina jina zuri kwa malipo ambayo mtumishi hupewa siku ya kuaga kazi. Jina hilo ni kiinua mgongo. Ndani yake imo sura ya mtu aliyeinama miaka mingi juu ya daftari, juu ya ubao wa darasa, au juu ya kitanda cha mgonjwa, na ambaye sasa ameruhusiwa kusimama wima na kunyoosha viungo vyake. Lakini mzigo hautoweki duniani kwa kutuliwa na mtu mmoja. Aghalabu humwendea mwingine. Mgongo mmoja uinukapo, yafaa kuuliza ni mgongo upi ulioinama ili ule uinuke. Swali hili ndilo kiini cha mabishano ya siku nyingi, katika nchi nyingi, baina ya mtumishi wa umma anayedai pensheni yake na mlipa kodi anayelalamika kwamba mzigo umemzidi nguvu.

Wagomvi hawa wawili wana haki ya kusikilizwa sawasawa, kwa sababu hakuna mwongo kati yao.

Mstaafu husema kwamba alipoanza kazi aliahidiwa vitu viwili: mshahara wa kadiri leo, na pensheni kesho. Lau asingeahidiwa cha pili, huenda asingekubali cha kwanza. Alikwenda kufundisha mahali pasipokuwa na barabara, alikesha zamu hospitalini, au alitunza vitabu vya halmashauri, wakati wenzake waliosoma naye darasa moja walijitia katika biashara wakajenga nyumba mapema. Sehemu ya ujira wake iliachwa mikononi mwa mwajiri, na sasa anaitaka. Kwake yeye, kupunguziwa pensheni ni sawa na kuona mtu akiingia nyumbani mwake na kuchukua mshahara wa mwaka uliokwisha pita.

Mlipa kodi naye husema kwamba hakuwapo ahadi ilipotolewa. Walioitoa walikuwa wakubwa wa wakati ule, ambao walisifiwa kwa ukarimu wao kisha wakaenda zao, na hati ya deni ikabaki mezani pa watu wasioitia sahihi. Tena mlipa kodi huyu mara nyingi hana pensheni mwenyewe. Katika Tanzania, mkulima wa korosho wa Mtwara, mvuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria, mama lishe na mchukuzi wa sokoni hawana mwajiri wa kuwawekea akiba ya uzeeni. Walakini kila wanunuapo sabuni dukani, ndani ya bei yake imo kodi. Uzee wao utatunzwa na watoto wao, ikiwa wanao, na ikiwa watoto hao wana kitu. Basi huuliza: kwa haki gani asiye na mwavuli atozwe fedha za mwavuli wa mwenziwe?

Kabla ya kuamua baina yao, sharti ijulikane pensheni ni kitu gani. Ikiwa ni hisani, mtoaji aweza kuipunguza afikapo mahali pa dhiki, na mpokeaji hana ila kushukuru kwa kilichobaki. Ikiwa ni ujira, dhiki ya mtoaji haibadili haki ya mpokeaji. Serikali za kale zilipenda jibu la kwanza. Sheria za pensheni za makoloni ya Waingereza zilikuwa na kifungu kilichosema kwamba hakuna ofisa mwenye haki kamili ya kudai pensheni kwa ajili ya kazi aliyokwisha kuifanya. Na kifungu cha namna hiyo kilirithiwa katika sheria ya pensheni ya Kenya. Hata neno kustaafu, lenye asili ya Kiarabu, lina ndani yake maana ya kuomba kusamehewa wajibu. Mtu huomba kuachiliwa, bwana huridhia, kisha kwa wema wake humpa muombaji kitu cha njiani. Hiyo ni sura ya hisani.

Sura hiyo haistahimili kutazamwa kwa makini. Hisani haitajwi katika mapatano ya kazi, wala haitumiwi kama chambo cha kumvuta mtu aache kazi nyingine na kumzuia asiondoke katika hii. Kitu ambacho hutajwa kabla ya kazi ili kazi ikubaliwe huitwa bei, na bei ya kitu kilichokwisha kutumiwa ni deni. Mwalimu hawezi kurudishiwa miaka 35 aliyoitoa. Watoto aliowafundisha hawawezi kurudisha kusoma na kuandika. Upande mmoja wa biashara umekwisha timizwa wote, na haufutiki. Uliobaki ni upande wa pili tu. Maadamu mambo ni hivyo, mstaafu ni mwenye kudai, na mwenye kudai haombi.

Wala deni hili halifi kwa kufa kwa mdaiwa. Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika katika mwaka wa 1977, maelfu ya watu waliokuwa wakiendesha reli yake, bandari zake, posta zake na ndege zake waliamka siku moja na kuona kwamba mwajiri wao hayupo duniani. Kenya, Uganda na Tanzania zilipatana katika mwaka wa 1984 juu ya kugawana mali na madeni ya marehemu. Lakini katika Tanzania madai ya wafanyakazi hao yalikuwa yangali hai katika mwaka wa 2003, walipokwenda mahakamani, na hata baada ya sulhu ya mwaka wa 2005 wengine waliendelea kudai. Waliokuwa vijana wa karakana walikuwa wamekuwa wazee wa mikongojo. Hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba, kwa kuwa Jumuiya imekufa, jasho lao nalo limezikwa pamoja nayo.

Hata hapa mlipa kodi hajajibiwa. Kukubali kwamba pensheni ni deni ni kusema tu kwamba lipo la kulipwa. Swali la nani alilikopa lingali pale pale. Serikali haina shamba wala ng'ombe. Kila shilingi iliyo nayo ilitoka katika mfuko wa mtu. Kwa hiyo waziri atoapo ahadi ya pensheni, hutoa ahadi kwa mfuko usio wake, tena kwa mfuko wa watu ambao baadhi yao hawajazaliwa. Jambo hilo si dhambi kwa lenyewe, kwa sababu mzazi naye hufanya mapatano ambayo watoto watayarithi. Huwa dhambi pale ambapo mtoa ahadi huchukua kazi ya mtumishi leo, huchukua sifa ya ukarimu leo, wala hatengi kitu leo. Wahenga walisema akiba haiozi. Lililo wazi zaidi ni kwamba ahadi isiyo na akiba huoza upesi, na harufu yake huwafikia watu wasioijua asili yake.

Tanzania ilijifunza jambo hili kwa gharama. Kabla ya mwaka wa 1999 watumishi wa Serikali wenye kustahili pensheni hawakukatwa mchango. Wastaafu wa kila mwaka walilipwa na Hazina kutoka mapato ya mwaka ule. Maadamu watumishi walikuwa vijana wengi na wazee wachache, mzigo ulikuwa mwepesi, na wepesi wake ulidhaniwa kuwa ni hekima. Sheria ya mwaka wa 1999 iliweka mfuko wa pensheni kwa watumishi wa umma, ambao mtumishi aliuchangia 5 kwa mia ya mshahara wake na Serikali 15 kwa mia. Lakini mfuko mpya ulitakiwa kuwalipa pia watu ambao miaka yao mingi ya kazi ilitangulia mchango wa kwanza, na Serikali ndiyo iliyopaswa kurudisha fedha hizo. Kisima kikatekwa kabla ya kujaa. Katika mwaka wa 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa mmoja kwa ajili ya watumishi wa umma, na katika mwaka wa 2021 Serikali iliupa mfuko huo hatifungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2 ili kupunguza deni la miaka ya kabla ya 1999. Hatifungani si fedha taslimu. Ni ahadi iliyoandikwa vizuri zaidi kuliko ile ya kwanza, na mtu atakayeitimiza ni mlipa kodi yule yule, au mwanawe.

Mahali ahadi isiyo na akiba huweza kumfikisha mtu palionekana wazi zaidi mbali na Afrika, katika mji wa Detroit, Marekani. Katika mwaka wa 1950 mji huo wa viwanda vya motokaa ulikuwa na watu karibu 1,850,000. Kufikia mwaka wa 2010 walibaki kama 714,000. Walioondoka waliondoka na kodi zao. Wastaafu wa mji hawakuondoka na madai yao. Mwezi wa Julai 2013 mji ulijitangaza kuwa muflisi, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18. Katiba ya jimbo la Michigan ya mwaka wa 1963 ilisema kwamba pensheni za watumishi ni mapatano yasiyoweza kupunguzwa. Lakini mwezi wa Desemba 2013 jaji aliamua kwamba sheria ya shirikisho juu ya kufilisika yaweza kuyagusa hata mapatano hayo. Mwisho wake wastaafu wa kawaida, ambao kwa wastani walipokea chini ya dola 20,000 kwa mwaka, walikatwa 4.5 kwa mia wakanyimwa nyongeza ya kila mwaka ya kufuata kupanda kwa bei. Polisi na wazima moto walisalimika na kiasi chao cha msingi, ila nyongeza yao ilipunguzwa. Hasara ingalikuwa kubwa zaidi kama wafadhili, jimbo na jumba la sanaa la mji wasingeahidi zaidi ya dola milioni 800.

Kisa hiki hutumiwa na pande zote mbili. Mlipa kodi husema: tazama, fedha isipokuwapo, katiba haigeuki mkate. Mstaafu husema: tazama, hata neno la katiba lilivunjwa juu ya kichwa cha mzee. Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wameliacha jambo lililo kubwa kuliko hayo. Hasara ile haikuzaliwa siku jaji alipoketi kitini. Ilizaliwa polepole, mwaka baada ya mwaka, kila mara ahadi ilipoongezwa bila kuongezwa akiba, na kila mara hesabu zilipopakwa rangi ili zipendeze machoni pa wapiga kura.

Mabishano ya Tanzania juu ya kikokotoo yatazamwe kwa mwanga huo. Neno hili lilitoka katika vitabu vya hesabu likaingia vinywani mwa watu wote. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko miwili kati ya ile minne, mstaafu aliweza kupewa kwa mkupuo nusu ya pensheni yake iliyokadiriwa kwa miaka 15.5, na nusu iliyobaki akalipwa kila mwezi maishani. Kanuni iliyotolewa katika mwaka wa 2018 ilishusha mkupuo hadi 25 kwa mia. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule Rais John Magufuli aliagiza kanuni za zamani zirudi hadi mwaka wa 2023. Kanuni nyingine ilianza Julai 2022: mkupuo wa 33 kwa mia, na makadirio ya miaka 12.5. Juni 2024 ilitangazwa Bungeni kwamba walioshushwa kutoka nusu watapandishwa hadi 40 kwa mia.

Hesabu yenyewe huonyesha maana yake. Mtu aliyefanya kazi miezi 420, ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi milioni moja kwa mwezi, kwa kanuni ya zamani angepata mkupuo wa karibu shilingi milioni 72 na pensheni ya karibu 389,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya 2022 mkupuo wake ni karibu milioni 36, na pensheni ya mwezi ni karibu 485,000. Mtetezi wa kanuni mpya atasema kwamba pensheni ya mwezi imekua, na kwamba fedha nyingi za siku moja huwaponyoka wazee upesi. Yamkini ni kweli. Lakini mtumishi wa miaka 57 alikwisha kununua kiwanja kwa kutazamia milioni 72. Alikwisha kumwahidi fundi, na pengine alikwisha kukopa. Alipanga maisha yake juu ya neno la mwajiri wake, na neno hilo limebadilishwa wakati yeye hana tena miaka ya kupanga upya.

Hapa ndipo kanuni ya haki huonekana. Masharti ya kazi ambayo haijafanywa yaweza kubadilishwa, mradi yatangazwe wazi, na anayeyachukia awe na nafasi ya kwenda kwingine. Masharti ya kazi iliyokwisha kufanywa hayabadilishwi na upande mmoja. Muuza samaki ana haki ya kupandisha bei asubuhi ya leo, lakini hana haki ya kumwandama mtu aliyekula jana. Kenya ilijaribu kufuata njia hii ilipoanza mpango mpya wa watumishi wa umma mwezi wa Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa katika kuchangia, wakianza na 2 kwa mia ya mshahara, kisha 5, kisha 7.5, na Serikali ikitoa 15 kwa mia. Waliokuwa na umri wa miaka 45 na zaidi walipewa hiari ya kubaki katika utaratibu wa zamani. Mabadiliko ya namna hiyo huweza kuuma, lakini hayamgeuzi mtu kuwa mjinga kwa sababu ya kuamini.

Itaulizwa: je, kama mfuko ni mtupu kweli kweli, kama ulivyokuwa wa Detroit? Basi deni halifutwi, bali hugawanywa hasara yake, na ugawanyaji huo una adabu zake. Kwanza utupu uthibitishwe kwa hesabu iliyofunguliwa mbele ya watu; hazina isiyo na fedha za wazee huku ina fedha za fahari haijawa tupu bado. Pili makato yaanze kwa wenye pensheni kubwa kabla ya kumfikia mwenye ndogo. Tatu wenye kudai waulizwe. Hata wastaafu wa Detroit walipigiwa kura mpango wao, na wengi wa waliopiga waliukubali kwa uchungu. Mtu aliyekatwa baada ya kusikilizwa ameonewa kidogo kuliko aliyekatwa akiwa amelala.

Amebaki mkulima wa korosho, na yeye ndiye mwenye swali gumu kuliko yote. Kwa mwalimu aliyefundisha watoto wake, yaweza kusemwa kwamba alipata huduma na sasa anailipia. Lakini vipi kijiji ambacho mwalimu hakufika, au alifika akaondoka? Hoja ya mkulima huyu ikifuatwa hadi mwisho wake haimpeleki kumnyang'anya mwalimu. Njaa ya wawili haiponi kwa mmoja kuongezewa njaa. Humpeleka kuuliza kwa nini uzee wake mwenyewe hauhesabiwi, ilhali naye ametumikia nchi kwa mazao yake na kodi zake. Zanzibar ilitoa jibu dogo lakini lenye maana mwaka wa 2016, ilipoanza kuwalipa shilingi 20,000 kwa mwezi wazee wote waliotimiza miaka 70, awe aliyekuwa karani au mchukuzi. Baadaye kiasi hicho kilipandishwa hadi 50,000. Fedha hizo ni chache, lakini zimekubali jambo kubwa: kwamba mgongo huinama shambani na baharini kama uinamavyo ofisini.

Hata hivyo shilingi moja haiwezi kulipwa mara mbili. Deni la kazi iliyokwisha kufanywa lina haki ya kutangulia, na kwa sababu hiyo hiyo anayeandika madeni mapya anapaswa kuwa mwoga. Kila ahadi kubwa anayompa mtumishi wa leo bila kutenga akiba ni sahani anayoiondoa mbele ya mzee asiye na mwajiri miaka 30 ijayo. Mtumishi naye, anapodai nyongeza ya ahadi, angefanya vema kudai kwa sauti ile ile kwamba fedha zake zitengwe na hesabu yake ionyeshwe. Maana ahadi tamu isiyo na fungu humgombanisha na jirani yake siku ambayo hatakuwa na nguvu za kugombana.

Siku ya kustaafu hudhaniwa kuwa ndiyo siku ya haki ya pensheni. Watu hukusanyika, hotuba husomwa, mzee hupewa karatasi, na mabishano juu ya kiasi huanza. Lakini siku hiyo haki imekwisha kutendwa au kuvunjwa zamani. Ilitendwa au ilivunjwa siku kijana alipotia sahihi mkataba wake wa kazi, na mtu upande wa pili wa meza akajua, au akakataa kujua, fedha za ahadi ile zitatoka wapi.